Uji wa Kipriani

Madaktari wawili walisimama mbele ya kitanda cha mume wangu wakimbishania kama pikipiki iliyokataa kuwaka. Kipriani alianguka akitoka kuuza maharage Nyarugusu, na tangu hapo alilala macho wazi, hasemi, hamtazami mtu. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, anameza. Wiki hii aliacha kumeza, ndipo wakaanza kusema tumrudishe nyumbani Rungwe Mpya akapumzike. Najua maana ya kupumzika.

Daktari Saady alidai kwamba mtu hujitambua pale habari inapotangazwa ubongo mzima, na kwa kuwa sehemu ya mbele imeumia, hakuna tena wa kutangaza. Daktari Pasikali, mgeni, alikataa katakata. Alisema kujitambua kunazaliwa sehemu ya nyuma, ubongo unakounganisha sauti na sura, na mtu anaweza kuwamo ndani asiweze kujibu. Wakapandishiana sauti. Hakuna aliyemgusa mgonjwa hata mguu. Nilichukia, maana hata huyo aliyekuwa upande wetu alitaka kumshinda mwenzake tu.

Saady akasema tumjaribu mara ya mwisho. Nikampa kijiko. Uji ukamwagika shingoni.

Mama yangu, aliyekuja kutoka Kibondo kunisaidia kuuguza, akainuka kumfuta. Kipriani akakaza midomo. Hapo nikashtuka. Kwetu mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Miaka yote ya ndoa yetu, mama akija, Kipriani huchukua sahani yake akajifungia chumbani. Na tangu Jumapili mama alikuwa amekaa ubavuni mwa kitanda kile, kila mlo.

"Mama, toka nje," nilisema.

Aliumia, niliona, lakini alitoka. Nikachota uji. Kipriani akameza. Nikachota tena, akameza tena.

Pasikali akamgeukia mwenzake, meno yote nje. Saady akasema hayo ni mazoea ya mwili, hayathibitishi kitu, wakaanza upya. Niliwaambia wakabishanie barabarani. Walipoondoka nikamwinamia Kipriani, na hasira yote ikahamia kwake.

"Wewe mwanamume, ulikuwa tayari kufa njaa uniache, kisa heshima?"

Akafumba macho, kama anavyofanya siku zote nikimgombeza. Nikaendelea kumlisha na kumgombeza hivyo hivyo, mpaka uji ukaisha bakulini.