Kosa la Kufinyanga

Saa mbili asubuhi mwalimu wa chekechea alikuwa amepiga magoti uani, anachuja udongo kwa wavu wa dirisha bovu. Aliuchota mwenyewe kwenye mashimo ya wafyatua matofali, kwa sababu rangi za dukani zilikuwa zimepanda bei mara mbili na ofisi ya elimu haikuwa imeleta hata chaki. Aliukanda mpaka ukalainika, akaingia chumbani na kuwagawia watoto kumi na tisa waliokaa mkekani, kila mmoja donge lake.

Binti wa fundi cherehani wa jirani, ambaye wenzake walimpachika jina la Kimya, alipokea la kwake kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka minne na nusu. Siku alipoletwa vidole vyake vilikuwa vimelegea, hata kijiko kilimponyoka, na neno lilikuwa halimtoki. Sasa alikuwa anabana donge kwa gumba na kidole cha shahada, polepole, ulimi nje.

"Huyu nani?" mwalimu alimuuliza.

"Bibi. Amekaa."

"Mbona hana miguu?"

"Ameikunja. Inamuuma."

Mwalimu aliogopa kuuliza tena, asije akaharibu.

Mkaguzi wa ofisi ya elimu alifika bila hodi, faili kwapani, akasimama kizingitini ili viatu vyake visiguse tope.

"Madaftari yako wapi?"

"Karibu, mheshimiwa. Hawa hawajaanza kuandika. Wanafinyanga, wanachora kwa mkaa, wanachana makaratasi na kuyabandika."

"Fomu inataka madaftari. Mtoto wa miaka minne aandike moja mpaka hamsini. Shule ya pili hapo wanaandika."

"Wanaandika huku wanalia. Mimi nautengeneza mkono kwanza. Vidole vikipata nguvu, kalamu itakaa yenyewe."

"Samaki mkunje angali mbichi, mwalimu."

"Kumkunja, sawa. Sio kumvunja."

Mkaguzi hakucheka. Aliingia kwa ncha za viatu, akainama mbele ya Kimya, akampa kalamu na karatasi. "Andika a."

Mtoto aliikamata kalamu kwa ngumi kama mtu anayeshika mwiko. Akakandamiza. Karatasi ikachanika. Alilitazama lile tundu, akautazama uso wa mkaguzi, kisha akaficha mikono yake kwapani.

"Umeona matunda ya matope yako?"

Bibi wa udongo alikuwa ameanguka kifudifudi. Mwalimu alimnyanyua, akamrudishia mwenyewe. Kimya hakumpokea.

Miaka kumi na moja mwalimu alikuwa amesema ndiyo mheshimiwa, nimekosa mheshimiwa. Safari hii alisimama wima, udongo mikononi.

"Nafunga chumba," mkaguzi alisema.

"Funga. Lakini kwenye sababu andika ukweli, kwamba watoto walikuwa wanafinyanga."

Mkaguzi aliikagua fomu juu hadi chini. "Hakuna kipengele hicho. Kuna idadi imezidi, choo kibovu, mazingira machafu."

"Choo umekiona?"

"Naandika mazingira machafu."

"Basi sitii sahihi."

"Utie usitie, nafunga."

Watoto walitolewa nje na madonge yao mikononi. Mkaguzi akapiga kufuli, akabandika karatasi mlangoni, akavuka barabara na kuanza kufuta viatu.

Fundi cherehani, mama yake Kimya, alikuwa amesikia yote kutoka kwenye baraza lake la jirani. Aliinuka, akasukuma cherehani mpaka ukutani, akafagia vipande vya vitambaa.

"Mwalimu, walete hapa."

"Mama, watakuandama na wewe."

"Waniandame. Baraza langu halijasajiliwa popote, sijui watalifutia nini."

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akatandika mkeka, akaleta ndoo ya maji.

"Mwalimu," mkaguzi aliita kutoka ng'ambo, "nimeshafunga."

"Umefunga mlango, mheshimiwa."

Wapita njia wawili walisimama. Mkaguzi alifungua faili, akatafuta ukurasa wa kuandika jambo hilo, akalifunga tena.

"Haya wanangu," mwalimu alisema, "kunjeni mikono ya mashati."

Watoto kumi na wanane wakaanza kukanda. Kimya alikaa miguuni pa mama yake, anawatazama, mikono bado kwapani. Hakuna aliyemhimiza. Mwalimu alimwekea donge jipya mbele yake, akaendelea na wengine.

Muda mrefu ulipita. Kisha mtoto akatoa mkono mmoja.