Aliyemuuza Gwakisa

Usingizi unanichukua mchana, baada ya kula, nikiwa nimelala chali kwenye kochi la mama hapa Soweto, Mbeya, na kofia kichwani. Si kofia ya baridi, ingawa baridi ipo. Ni kofia ya gemu, hizi mpya ambazo mtu hachezi kwa macho wala kwa vidole. Anaivaa, analala, na mchezo unamjia usingizini kama ndoto. Ilikuwa ya mdogo wangu, Gwakisa. Gwakisa amekufa. Figo zilimwangusha, tukamzika Tukuyu kwa babu, mvua ikinyesha, na rafiki yake Ngailo akashika jeneza upande wa kichwa huku akilia kuliko sisi. Ngailo huyu alikuwa akila kwetu tangu wakiwa sekondari, akimwita mama yangu mama. Ndiye aliyempa Gwakisa kazi ya kujaribu magemu kwenye kampuni yake, na ndugu yangu alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, ndiye aliyemvisha kofia hii akasema, mama, tunamrekodi, sauti yake, kicheko chake, mpaka anavyoogopa, ili siku akiondoka mbaki naye. Mama akambariki. Kisha juzi mama aliingia dukani Mwanjelwa kununua chaja ya simu, na kwenye televisheni kubwa ya ukutani, ile ya kuvutia wateja, akamsikia mwanawe analia: Ngoja kwanza, kaka, tuongee, nina mama mimi. Ukafuata mlio wa risasi, na watu dukani wakashangilia. Gwakisa anauzwa. Ni windo. Ukinunua gemu unapewa Gwakisa umwinde, ukimuua anafufuka umuue tena, na kila mara anaogopa upya, ndiyo raha yenyewe, muuzaji akamwambia mama, huyu si kama wale wengine, huyu anaogopa kweli. Tangu siku hiyo mama hajatamka neno. Mimi nami sijalia. Nimekwenda tu kumuuliza mlinzi wa ofisi ya Ngailo kama bosi wake huwa anaicheza hiyo gemu, akasema, anaicheza, dada, kila mchana akishakula anajifungia na kofia yake. Kwa hiyo nami nimekula, nimejilaza, nimefumba macho.

Kochi linalainika chini yangu, linakuwa matope, matope yanakuwa lami, na niko barabarani, barabara isiyo na mwanzo, ukigeuka nyuma unaona mbele, ukitazama mbele unauona mgongo wako mwenyewe unatembea. Kushoto na kulia ni maduka ya vioo, na ndani ya vioo kuna mji mwingine, na mji huo ni Mbeya, ila Mbeya iliyogeuzwa kama shati lililovaliwa ndani nje, maandishi ya vibao yanasomeka kinyume na mlima Loleza umehamia upande usio wake. Natembea. Najua ninachokitaka, nakihisi mdomoni kama chuma, na kila hatua nalitaja jina lake, Ngailo, Ngailo, mpaka jina linakuwa mdundo wa kutembelea. Mlangoni mwa duka moja amesimama mtu wa fulana nyekundu, mikono ameikunja nyuma kama muuzaji, na uso hana, pana ngozi tupu, laini kama yai lililomenywa. Karibu mteja, anasema, sijui kwa mdomo upi. Namuuliza, Ngailo yuko wapi? Anasema, Kitendawili. Nasema, Tega. Anasema, Namla, nashiba, na bado yuko mzima sahanini. Jibu nalijua, linanichoma kulisema. Nasema, Ni mdogo wangu. Anainama kwa adabu, na barabara inajikunja yenyewe kuelekea kushoto.

Nafuata mkunjo, na mbele ya duka jingine kuna mwingine wa fulana nyekundu, au ni yuleyule, nitamjuaje. Kitendawili, anasema. Tega. Ukiingia unakiacha, ukitoka hukichukui, na hukujua kama ulikuwa nacho. Hili silijui. Natembea nikiwaza, barabara inanizungusha na kunirudisha kwake, natembea tena, inanirudisha tena, mpaka yeye mwenyewe ananihurumia, anasukuma kioo kama pazia. Nyuma yake zimetundikwa hofu. Sijui niseme vipi vinginevyo, zimetundikwa kwenye henga kama mitumba, za watu wote waliowahi kuivaa kofia na kulala, na zinanong'ona. Kila anayelala humu anaacha hofu yake, anasema. Namuuliza, Na ya Ngailo ipo? Anaigusa moja kwa kiganja. Ipo. Aliyejenga nyumba naye hulala humo. Tena ina joto, ameingia sasa hivi. Basi mpeni yeye kazi ya kuwindwa, nasema. Anatikisa ule uso usio kitu. Windo ni mmoja tu, na wawindaji hawajui sura, wanajua koti la njano. Alivaaye ndiye.

Namkuta Gwakisa amejibanza nyuma ya genge la nyanya, koti la njano limemkaa vizuri, na hajavimba miguu wala uso, ni Gwakisa wa kabla ya ugonjwa, mrefu, meno yake yote nje. Kwa mbali wawindaji wanapita, wameshika bunduki, wanacheka kwa lugha nisizozijua. Nasema, Gwakisa. Anainua mikono bila kunitazama. Ngoja kwanza, tuongee, nina mama mimi. Namwambia, Huyo mama ni wangu pia. Mikono inashuka polepole. Dada Atu? Ndiyo, ni mimi Atupele, nani mwingine atakufuata huku? Anacheka, kile kicheko chake cha kukwama katikati, kisha anauliza, Mama anaendeleaje? Amenyamaza, nasema. Nani, mama? Mama yetu huyu anyamaze? Halafu kicheko kinamtoka usoni. Nimekufa, siyo? Nasema, Umekufa. Tumekupeleka Tukuyu. Mvua ilinyesha? Ilinyesha, mdogo wangu, mpaka wachimbaji wakateleza. Anatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo alilolihisi siku nyingi. Anasema, Basi mbona bado naumia? Jibu nililo nalo ni jina tu, nalitoa. Ngailo. Anarudia, Ngailo? Ngailo wetu? Anakuja kila siku. Anakaa kwenye kibaraza kile pale juu, anakunywa soda, ananitazama. Mimi nikadhani anatafuta njia ya kunitoa.

Hapo ndipo kitu ndani yangu kinapofunga kama kufuli. Nashika kifungo cha kwanza cha koti. Ukinivua hili, anasema, sitakuwa na kazi humu, na sijui wasio na kazi humu wanakwenda wapi. Nikuache nalo? Anawasikiliza wawindaji wanaokaribia. Vua, dada. Nimechoka. Ninapofungua vifungo anakuwa mwepesi, namhisi akipungua mikononi mwangu kama mtoto unayemvua nguo za shule huku amesinzia. Mwambie mama sikuogopa, anasema. Nasema, Nitamwambia. Na nimelishika koti, lina joto la mgongo wake, na ndani yake hakuna mtu.

Napanda ngazi za kibaraza. Ngailo amekaa kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya ukuta, ameinenepesha sura yake humu, amejiongezea na mabega. Ananiona, anaruka. Dada Atu! Karibu, karibu sana, umeingiaje huku? Namwambia, Nimelala. Anacheka kwa wasiwasi, anafuta kiti kwa mkono ili nikae. Sikai. Namuuliza, Ngailo, mama alikukosea nini? Uso wake unafanya kama unatafuta mahali pa kujificha. Dada, msinielewe vibaya. Nilitaka kuja nyumbani niwaeleze. Mimi nimemfanya asife! Dunia nzima sasa inamjua Gwakisa. Nasema, Analia. Anasema, Ile si yeye, ile ni sauti tu, ni kompyuta inapiga hesabu zake, haiumii, naapa haiumii. Una hakika? Nina hakika, dada, mimi ndiye niliyeitengeneza. Nasema, Haya, hapa pana baridi. Na namfunika koti mabegani, taratibu, kama mama alivyokuwa akimfunika kitenge alipotufikia ameloa. Mkono wake unanigusa kwa shukrani kabla hajatazama ni rangi gani. Vifungo vinajifunga vyenyewe mpaka shingoni. Kule chini wawindaji wote wanageuza vichwa kwa pamoja.

Atu, anasema. Atu, hii usifanye utani. Anavuta kola, koti halivuliki. Anaruka ukuta, anakimbia kati ya vioo, na vioo vyote vinamwonyesha, wako Ngailo wengi wanaokimbia na hakuna hata mmoja anayefika popote. Nasikia risasi. Naona anavyoanguka na anavyofufuka, anapapasa kifua chake, na usoni mwake inaingia ile hofu yake mwenyewe iliyokuwa kwenye henga. Inauma! anapiga kelele. Atu, inauma! Nakaa kwenye kiti chake. Soda yake bado ina baridi, naimaliza yote. Nasema ukweli, utamu wake unashuka mpaka tumboni. Anauawa kando ya genge, anauawa darajani, anauawa akiwa amepiga magoti, na mara hii anapaza sauti, Mwite mama! Dada Atu, mwite mama aje awaambie! Ni mama yangu anayemtaka. Nanyanyuka nusu. Nakumbuka televisheni ya ukutani. Narudi kukaa.

Yule asiye na uso amesimama pembeni yangu. Kitendawili, anasema. Tega. Kamfunga mwizi kwa kamba, na ncha ya pili iko kiunoni mwake mwenyewe. Najua anataka niseme ni mimi. Nasema, Sijibu. Anasema, Basi nipe mji. Nasema, Chukua Mbeya. Anaiinua kwa ncha za vidole, maduka, vioo, mlima, anaikunja kama khanga, na mimi niko ndani ya mkunjo.

Naamka. Kochi, mchana ungali mweupe, kofia imeanguka sakafuni. Jikoni sufuria linagonga na mama anaita, Atu, chai! Mama anasema! Moyo unaniruka kwa furaha, kisha unasita, kwa sababu Mbeya nimekwisha kuitoa, na huyu anaita kutoka mji gani? Nasogea dirishani. Loleza upo, na ukungu kileleni. Nautazama, nautazama, na siku zote za maisha yangu nimeishi chini ya mlima huu lakini sikumbuki kama ulikuwa upande huu au ule. Simu inaita. Ni Subilaga, mke wa Ngailo, anazungumza huku anahema. Wifi, uko wapi? Ngailo haamki! Tumemkuta ofisini, kofia tumemvua, daktari yuko hapa, anapumua lakini haamki, na analitaja jina lako, wifi, jina lako tu. Daktari anasema asikie sauti anayoijua. Namwekea simu sikioni, sema naye, mwambie aamke. Nasikia mkwaruzo wa simu kwenye nywele, kisha pumzi, fupifupi, ya mtu anayekimbia. Kama hii bado ni ndoto, basi hakuna mtu kule. Kama si ndoto, yuko kule, ananisikia. Naisogeza simu karibu na midomo, kwa upole, kama unavyombembeleza mtoto.

Lala, Ngailo.

Nakata. Mama ametokea mlangoni na kikombe mkononi, mvuke unampanda usoni. Nani huyo? anauliza. Wamekosea namba, mama, namwambia, na napokea chai.