Mtungi wa Jemu

Baba hakuniuliza hali. Alipiga simu kutoka makao ya wazee kabla sijavua aproni ya kazini, akaanza moja kwa moja.

"Amezaa?"

"Na wewe hujambo, baba."

"Merrin, nimekuuliza, amezaa?"

Alikuwa akimwulizia samaki. Gapi mmoja jike, mkubwa kama kidole changu kidogo, aliyebaki peke yake kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya baba hapa Toowoomba. Baba aliangukia humo mwanzoni mwa majira ya baridi, akavunjika nyonga, na katika kuanguka akavuta waya na kuzima hita zote. Mpaka jirani amsikie akiita, baridi ya mji huu ilikuwa imeshamaliza kazi. Matangi yake ya kioo yalijaa samaki waliokufa, isipokuwa huyo jike. Gapi hatagi mayai, huzaa watoto wanaoogelea, na mbegu ya dume huiweka tumboni miezi na miezi hata kama dume mwenyewe ameshakwenda zake. Kwa hiyo alikuwa na mimba ya marehemu, na tumbo lilikuwa limejaa hadi limefanya kona kama sanduku.

Akizaa na watoto wakaishi, ukoo wa gapi weusi wa baba, Verne Haddow, ungeendelea. Wakifa, basi. Hakukuwa na wengine popote, na hilo lilikuwa kosa la baba mwenyewe.

Chama chetu cha wafugaji wa samaki kina desturi ya kuweka jozi nje. Ukiwa na ukoo mzuri, unampa mwenzako dume na jike akutunzie. Wako wakifa, unabisha hodi kwake na unarudishiwa jozi, bila maneno. Hata watu wasiosalimiana wanawekeana jozi. Baba alikataa maisha yake yote. Zaidi ya wote alimkatalia Desley Pascoe, ambaye alimwomba kila mwaka kwenye maonyesho, na kila mwaka akajibiwa mbele ya watu kwamba akafuge kuku.

"Usimpe mtu hata kifaranga mmoja wa samaki," baba aliniambia siku ile. "Na yule Desley asikanyage kibandani kwangu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Maana nakujua. Una mkono wa kugawa."

Nilitaka kuitupa ile simu ukutani. Miaka yote hiyo, na bado alikuwa na kinyongo na mtoto wa darasa la pili! Nilipokuwa darasa hilo, rafiki yangu Kaylene alikuwa na sherehe ya kuzaliwa, mimi sikuwa na zawadi, nikachota gapi wawili nikawatia kwenye mtungi wa jemu. Baba akaja hadi kwao. Hakunikemea. Alichukua ule mtungi mezani, pembeni ya keki, akaenda nao uani na kuumwaga kwenye nyasi. Wale samaki walirukaruka pale, watoto wote tukiwatazama, na yeye akasimama mpaka walipotulia. Halafu akanirudishia mtungi mtupu niubebe.

Hasira hiyo ninayo mpaka leo na sina mpango wa kuiacha.

Lakini nilikwenda kibandani kila siku kabla ya kazi na baada ya kazi. Msiniulize kwa nini. Labda kwa sababu yule jike hakuwa amenikosea.

Alizaa Jumapili asubuhi. Walitoka mmoja mmoja, wamejikunja, wakajinyoosha, wakazama kidogo kisha wakakimbilia kwenye majani niliyoyarundika juu ya maji. Mama yao akageuka, akamwangalia wa mwisho kutoka, akammeza.

"Na wewe pia!" nikamfokea. Nikamchota kwa kikombe na kumtia tangi la peke yake.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Katika nyumba ile, samaki walikula kwanza. Mama alikuwa akipakua chakula, tunakaa mbele ya sahani, hakuna kushika uma mpaka baba arudi kutoka kibandani, na vifaranga wakiwa wachanga aliweza kukaa huko mpaka mchuzi ukaganda. Mimi najua kusubiri chakula. Kwa hiyo nilipoona vile vitumbo vidogo vinavyopitisha mwanga, niliapa hakuna atakayesubiri. Nilichemsha yai, nikasaga kiini, nikawamwagia. Wakala. Nikaongeza. Jioni nikaongeza tena, na nilipoona kimebaki chini nikasema vizuri, wakishikwa na njaa usiku kipo.

Baada ya siku chache maji yalifanana na maji ya kuoshea mchele, na yalinuka. Vifaranga walikuwa wamelala chini, mikia imebana, wengine wameshakuwa weupe. Nikampigia baba.

"Umewaua!" alisema hata kabla sijamaliza. "Nilijua tu utawaua."

"Bado wapo hai wengine. Niambie nifanye nini."

"Ungenisikiliza toka mwanzo."

"Nakusikiliza sasa, baba! Nifanye nini?"

"Hukuwahi kusikiliza, wewe na mama yako."

Nikakata simu. Mtu anazama, naye anamsomea mashtaka. Nikaitafuta namba ya Desley Pascoe na kuipiga kabla sijajipa nafasi ya kuogopa.

Alikuja na gari lake bovu, bibi wa miaka sabini na kitu, kavaa buti za mpira, kiti cha nyuma kikiwa na ndoo zilizofungwa blanketi kama wagonjwa. Aliinama juu ya tangi, akanusa.

"Yai?"

"Yai."

"Umewaandalia harusi, mwanangu?"

"Nilidhani..."

"Utalia baadaye. Nishikie ndoo."

Alifunga soksi ya nailoni kwenye ncha ya mpira mwembamba ili asivute kifaranga, akanyonya uozo wote chini, taratibu, akitema na kutukana. Akaongeza maji ya kwake, kikombe baada ya kikombe, yaliyokuwa na joto lilelile. Kisha akatoa sifongo la chujio kutoka tangi lake, jeusi, linatisha, akalikamua mle ndani.

"Mama, hiyo si takataka?"

"Takataka hii ina vijidudu vinavyokula sumu. Baba yako analo kama hili?"

"Vijidudu vyake vyote vilikufa siku ile hita zilipozima."

"Ungeniita Jumapili, ningekupa." Akalikamua tena. "Ee, lakini najua. Ulikatazwa."

Simu ikalia. Desley alikuwa akisema kitu kuhusu hita, na baba akaisikia sauti.

"Nani huyo?"

"Desley."

Kwa sauti ya chini kabisa, iliyotulia kama alivyotulia siku ile uani kwa kina Kaylene: "Mwaga."

"Unasemaje?"

"Wamwage wote. Kawamwage nje kwenye nyasi. Bora wafe kuliko kuwa kwa huyo."

"Wewe!" nikamwambia. Sikuwahi kumwita hivyo. "Wewe mzee, nisikilize. Ulitunyima chakula ukawape hawa. Ulimnyima mama hata safari moja ya baharini kwa ajili ya hawa. Nimewasafishia, nimewaombea, nimeomba msaada kwa mtu uliyemtukana miaka yote, naye amekuja. Na wewe unataka niwamwage? Njoo uwamwage mwenyewe. Tambaa!"

Nikazima simu. Desley alikuwa bado ameinama, mpira mdomoni.

"Amenisalimia?" akauliza.

Nikacheka huku nalia.

Walipona wachache. Desley aliniletea mayai ya uduvi, akanifundisha kuyaangua kwenye chupa ya maji ya chumvi, na kuwapa vifaranga kidogo tu, kwa ncha ya kijiti. Joto lilipoanza kurudi, weusi ulianza kuwaingia kwenye mkia, ukapanda mgongoni, mpaka madume wakawa kama wamechovywa kwenye wino. Sikumwambia baba lolote. Siku ya mkutano wa chama niliwapeleka, nikaweka jozi nje kwa kila aliyetaka. Jozi ya kwanza nilimpa Desley mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Kwangu nikabaki na yule mama yao tu.

Wiki iliyofuata nilikwenda makao ya wazee. Baba alikuwa kitandani, dirisha wazi, upepo wa baridi unaingia, na nje kuna nyasi nzuri zilizokatwa. Nikaweka mtungi wa jemu juu ya meza yake. Dume mmoja, jike mmoja.

Aliwatazama muda mrefu.

"Umewafuga wewe?"

"Hao si wangu, ni wa Desley. Amesikia kwamba wako walikufa, anakurudishia jozi. Ndiyo desturi."

Nikanyoosha mkono kuelekea dirishani.

"Nyasi hizo hapo, baba," nikasema. "Ziko karibu, hata kutembea huhitaji. Mwaga."

Nilisimama nikasubiri. Nilitaka aseme samahani, nasema kweli, nilikuja kwa ajili hiyo. Alinyoosha mkono akaugusa mtungi kwa nyuma ya vidole, kama mama anayepima homa.

"Maji yamepoa," akasema.

Akafungua vifungo vya shati lake la kulalia, polepole, vidole havimtii, akauchukua ule mtungi na kuuweka kwenye ngozi ya tumbo lake, kisha akaufunika kwa mikono miwili. Akafumba macho.

Mimi hakuwahi kunipakata hivyo hata siku moja. Nikafunga dirisha, nikatoka.