Misumari Sita Kwenye Mimbari

"Mmetia misumari!" Mwadini alipiga kelele. "Sita, nimeihesabu! Kwenye mimbari, Sheikh Khalaf!"

"Punguza sauti, we. Karakana ya nani hii?"

Ilikuwa ya Khalaf, hapa Ibra, Omani, na imefagiwa tangu alfajiri kwa sababu kamati inakuja kuona kazi ya mkono ya wana wa nchi. Mimbari imesimama katikati, ubavu mzima kazi ya matundu ya Kiajemi, nyota ndani ya nyota. Vipande mia nne na ushei, kila kimoja kimeshikana na mwenziwe kwa ulimi wa mti uliochomekwa tu. Hakuna gundi, hakuna msumari, ili joto likija mti upate pa kutanukia. Miezi minane Mwadini kachonga. Jana Hud, mtoto wa Khalaf, kaufungua ubavu huo ajifunze majibu ya kuwapa wageni. Kujaribu kuurudisha, wapi! Ndimi zikavunjika. Akachukua nyundo.

"Kiangazi kikija vipande vitapasuka vyote," alisema Mwadini. "Watasema nani kaharibu?"

"Hawatosema wewe. Hawakujui."

"Uliniahidi bataka mpya ya kibali cha kazi, Sheikh. Mimbari ikisha, uniandikishe fundi."

"Inshallah. Leo siyo. Bataka yako yasema mkulima. Wakikukuta na patasi, mimi faini, wewe ndege ya Dar. Wataka?"

"Mwaka wa tano huu waniambia leo siyo. Basi nipe nusu saa, niing'oe."

Milango ya gari ikagonga nje. Khalaf akamsukumia jembe kifuani.

"Khalas! Mitendeni. Na uiname, uonekane walima."

Hud alishakaa kwenye mkeka wa Mwadini, kanzu nyeupe pe, patasi ya Mwadini mkononi.

"Ami," alinong'ona, "makali yanaelekea wapi?"

Mwadini alimtazama. Kisha akainama, akamgeuzia patasi, akamweka na kidole gumba mahala pake.

Wageni wakaingia.

"Mashallah! Umejifunza kwa nani, mwanangu?"

"Kwa babu yangu," alisema Hud.

Mzee mmoja akamwona Mwadini na jembe lake. "Na huyu?"

"Wa shamba tu," alisema Khalaf.

"Mwambie asituletee udongo humu, bwana."

Miguu ya Mwadini ilikuwa imejaa unga wa mbao za msaji mpaka magotini. Alitoka, akaufunga mlango.