Donge Kitandani kwa Baba Mkwe

Mara mbili mkutubi alikanda, na mara mbili mkate ukatoka mgumu kama kisigino. Dada wa mumewe, mwenye oveni, alikwisha kutoa hukumu.

"Donge likigoma kuumuka na leo, wifi yangu, tunarudi kwenye mkate wa dukani. Oveni yangu usiiguse tena. Vitabu umesoma wewe, hamira haijasoma."

Mkutubi akachota unga. Mchawi wa mikate yake alikwisha kumjua. Jikoni kwenyewe kulikuwa na baridi, na juu ya baridi hiyo, wifi hakuweza kupita bila kufunua kitambaa achungulie. Dakika tano, kafunua. Dakika tatu, kafunua tena. Donge gani litaumuka kwa udaku huo?

Basi Jumamosi ile akakanda madonge mawili. La kwanza, la unga na maji matupu, akaliacha mezani limefunikwa kwa heshima zote. La pili, lenye hamira, akalitia kwenye bakuli kubwa, akanyata nalo hadi chumbani kwa baba mkwe, penye joto kuliko pote, akalilaza chini ya blanketi. Mzee alikuwa kinyozi. Hakuwahi kurudi kabla ya saa kumi.

Siku hiyo alirudi saa nane, mgongo unamuuma, akapitiliza chumbani. Mkutubi alisikia kitanda kikilia, akakimbia, akaishia mlangoni. Amfuate baba mkwe kitandani? Thubutu!

Jikoni, wifi alikuwa akicheka. "Hebu lione! Limelala fofofo. Hili si donge, wifi, ni tofali."

"Lipe muda," mkutubi alisema kwa sauti nyembamba.

"Muda? Tangu asubuhi nalichungulia!"

Saa nzima ilipita ndipo mlango wa chumbani ukafunguka. Baba mkwe akatoka polepole, bakuli kifuani, donge limefura hadi limepita ukingo, likitikisika kila anapokanyaga.

"Nani kaniletea mwenzangu wa kulala?" akauliza. "Nimemwonea huruma, nikamkumbatia. Sijageuka ubavu. Naona amenenepa."

Wifi akatazama bakuli, akatazama meza. "Baba! Kumbe nawe umo kwenye njama?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nimelala."

Mkate ulitoka mwepesi, wenye ganda la kahawia lililolia chini ya kisu. Mzee alidai kipande cha kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeatamia. Wifi alikula vitatu, kawapa mgongo asihesabiwe.

"Jumamosi ijayo anza mapema, wifi," alisema bila kugeuka, akifuta makombo mdomoni. "Oveni yangu huchelewa kushika moto."