Nzi Waliokataa Kufa

Siku ya sitini na moja nzi wangu wote walikuwa hai, na hilo ndilo lililoniudhi.

Mimi ni Hadidja, asistanti wa biolojia katika chuo kikuu hapa Kisangani. Miaka minne nimehangaika na swali moja: je, gome la mti ambalo wazee wa mtaa wa Lubunga huchemsha na kunywa linaweza kulinda mitokondria? Hayo ni majiko madogo ndani ya seli zetu. Yanachoma chakula ili tupate nguvu, na wengi tunashuku kwamba moshi wa majiko hayo ndio unaotuzeesha. Basi katika chupa za kundi la kwanza la nzi nilitia maji ya gome. Za kundi la pili sikutia kitu. Kundi la pili lilipaswa kufa mapema, kama nzi wa jaribio la mwaka jana, ambao hawakufika hata siku ya arobaini na tano. Zilibaki wiki tatu nitetee tasnifu yangu.

Lakini wakaidi wale walikuwa wakipanda kioo kwa kasi ileile ya wenzao.

Nikakagua joto la chumba. Nikakagua maji. Mwishowe nikaenda jikoni mwa maabara kumtazama Mama Germaine, mfanyakazi wetu mpya kutoka Yanonge, akiandaa chakula cha nzi. Aliponda ndizi, akatia hamira, sawa kabisa. Kisha akatandaza majani mapana, akamimina rojo la ndizi, akayafunga kuwa liboke kama anayepika samaki, akaliweka kwenye mvuke.

"Mama Germaine! Karatasi inasema sufuria!"

Alinitazama kwa huruma. "Assistante, chakula iko inapikwa uchi? Ata nzi iko na heshima yake."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kundi zote mbili. Miye sina ubaguzi."

Nililia, sifichi. Nzi wote walikuwa wamekula jani, na gome halikuongeza hata siku moja. Hapo shetani akaniletea njia ya mkato: linganisha nzi wa gome na wale wa mwaka jana, waliopikiwa sufuriani, nawe umeshinda, Daktari Hadidja. Nani angejua? Mama Germaine hasomi tasnifu. Kalamu nilikwisha kuishika.

Kilichonizuia si uchaji Mungu. Laiti ingekuwa hivyo. Maji yaliyochuruzika kutoka kwenye liboke yalikuwa ya kijani, yana harufu kali ya msitu, na nikajikuta nimeyainamia nikijiuliza mna nini humo. Gome nilikuwa nalibembeleza kwa miaka. Jani hili halikuombwa na mtu, na huenda lilikuwa limefanya kazi.

Nikampigia simu Profesa Henri, msimamizi wangu, nikamwambia yote kwa pumzi moja: tasnifu imekufa, wiki tatu hazitoshi, na kosa ni langu mimi ambaye sikuwahi kukanyaga jikoni. Nikajikaza kusubiri matusi.

"Bon," akasema. "Ni jani gani?"

Nikaligeuza mkononi, mbele na nyuma. Tangu utotoni nimekula samaki waliofungwa humo, na jina lake sikulijua. Nikampa Mama Germaine simu.