Anayepiga Ndiye Anyonyoe

Velma hakuwa na ugomvi na bunduki. Ugomvi wake ulikuwa na manyoya.

Watu hudhani uwindaji huishia pale ndege anapodondoka. Hao ni watu ambao hawajawahi kukaa jikoni. Ndege akishadondoka ndipo kazi inapoanza, na katika nyumba ya bosi Nayif, huko Riyadh, kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu: Velma mwenyewe, mpishi, mwanamke wa Bungoma aliyekuwa akimalizia mkataba wake wa miaka miwili. Msimu uliopita bosi na marafiki zake walirudi na makasha ya barafu yaliyojaa tetere, wale njiwa wadogo wa porini, pomoni. Velma alinyonyoa mpaka vidole vikafa ganzi, na hakufika hata nusu. Harufu ilipoanza kupanda ngazi, madam Munira, mke wa bosi, alimwambia atupe yote. Paka wa mtaa mzima walikula wakasaza. Velma alisimama kando ya pipa la taka akilia kwa hasira, maana kwao nyama haitupwi. Kwao mtu akitupa nyama, watu huuliza amerogwa na nani.

Siku ile alijiapiza kwamba hatarudia. Ila kiapo cha mfanyakazi wa nyumbani ni kitu cha kuficha chini ya ulimi, na Velma alikificha.

Sasa ilikuwa Aprili ya mwaka 2014, na tetere walikuwa wakipita tena, wakitoka upande wa Afrika kwenda kaskazini kutaga mayai. Nyumba nzima ilihamia Jeddah kwa muda, kwenye shamba la kaka yake bosi nje ya mji, ambako ndege hao hutua kunywa maji baada ya kuvuka bahari. Protas, dereva wao, mtu wa Siaya, aliendesha gari kutwa nzima. Velma alikaa nyuma na masufuria, akiwaza jambo moja tu: Agosti.

Agosti hiyo mwanawe wa kwanza, Simiyu, angetahiriwa. Wabukusu hawatahiri kila mwaka. Hungoja mwaka unaogawanyika kwa mbili, na Agosti yake ikipita, imepita. Siku hiyo mtoto husimama uani mbele ya watu wote, naye hatakiwi kupepesa hata jicho. Mama yake huwa ndani ya nyumba, akisikiliza. Velma alikuwa amekosa siku nyingi za Simiyu, ila hiyo alisema hataikosa hata mbingu ianguke. Madam alikuwa ameahidi: Ramadhani ikiisha na Idi ikipita, utakwenda. Lakini ahadi ya madam bila saini ya bosi ni maziwa bila kikombe. Bosi ndiye kafili, mdhamini wake kisheria, pasipoti iko kwenye kabati lake, na bila yeye hakuna mlango wa uwanja wa ndege utakaofunguka.

"Kaa vizuri na huyo mzee," Protas alimshauri njiani. "Miezi minne tu. Nyonyoa, nyamaza, uende ukaone kijana."

Velma alimwambia aangalie barabara. Mambo ya kisu, alisema, mtu wa ziwa, ambako hawatahiri, hawezi kuyaelewa. Protas alicheka mpaka akapunguza mwendo, kwa maana utani huo aliuzoea.

Jioni ya kwanza wanaume walikaa barazani wakinywa kahawa. Velma hakuruhusiwa huko. Protas ndiye aliyepeleka dele na vikombe, na ndiye aliyerudi jikoni na habari. Alisema wanazungumzia jinsi ndege walivyopungua. Mhandisi Bandar, rafiki yake bosi, mwenye miwani na maneno mengi, alieleza kwamba mchezo huu wa bunduki hautafika kwa wajukuu wao usipowekewa mipaka. Alitaja hifadhi, alitaja vibali, alitaja kufuga ndege na kuwaachilia. Wote walikubaliana naye kwa kutikisa vichwa. Kisha baba yake bosi, ambaye nyumba nzima ilimwita Shaiba kwa sababu ya mvi zake, akakohoa na kusema kwamba enzi zake risasi zilikuwa chache na kila mtu alijipikia alichopiga, na ndege walirudi kila mwaka. Nao wakamwitikia vilevile, kisha wakaanza kusafisha bunduki.

Velma aliisikiliza habari ile akichambua mchele. Protas alimwona akitabasamu na hakulipenda tabasamu lile.

Asubuhi bunduki zililia tangu jua lilipochomoza, moja juu ya nyingine, kama mahindi kwenye kikaango. Zilipotulia, gari lilirudi nyuma mpaka kwenye ua wa jikoni na wanaume wakateremsha makasha. Bosi alifungua moja kwa fahari. Tetere walilala humo wamebanana, wadogo, wa rangi ya udongo, wengine wamejaa marisau ya bunduki hata hawafai. Shaiba aliletewa kiti. Alikuwa akiwapenda wale ndege wajazwe wali na kuokwa na ngozi yao, na kwa ajili ya ngozi hiyo lazima wanyonyolewe mmoja mmoja, taratibu, maana ngozi ya tetere ni nyepesi kuliko karatasi ya sigara.

"Yalla, Velma," bosi alisema. "Wote, kabla hawajaharibika."

Velma alipiga magoti, akachagua ndege wa kutosha sufuria moja ya nyumba nzima, akawaweka kwenye beseni. Kisha akafunika kasha na kusimama.

"Hawa nitawanyonyoa, baba, kwa sababu hawa tutakula," alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Wale wengine, mafi, hapana. Aliyepiga ndiye anyonyoe."

Hilo halikuwa neno lake. Lilikuwa la mama yake, aliyewaambia hivyo kaka zake Velma kila waliporudi na manati shingoni na ndege mkononi. Mama hakuwagombeza wala hakuvunja manati. Aliwaonyesha tu kigoda na sufuria ya maji. Vijana wale waliua ndege wa kula, na hawakuwahi kuua ndege wa kuonyesha.

Bosi alidhani hakusikia vizuri. Aliporudiwa akaelewa, na uso ukabadilika. Alimkumbusha ni nani aliyemleta Saudia, ni nani aliyemfanyia ikama, kibali chake cha kuishi. Alimuuliza kama anataka kwenda kuishi mtaa wa Manfuha, pamoja na wale waliotoroka makafili wao na sasa wanajificha kwenye vyumba vya kuvuja wakiogopa kila king'ora. Velma alimjua mmoja wao. Winfred, rafiki yake waliyekuja naye, alikuwa huko huko, bila karatasi na bila njia ya kurudi kwao. Velma alijua vizuri anachotishwa nacho. 

"Na Agosti sahau," bosi akamalizia. "Halas, imekwisha."

 Protas, aliyekuwa amesimama kando ya gari, alimtazama Velma kwa macho ya kumsihi. Angeweza bado kuinama. Neno moja la kuomba radhi, na kila kitu kingerudi mahali pake: makasha, kigoda, pipa la taka, paka.

"Baba," Velma alisema, "mwanangu atasimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Mimi mama yake nishindwe kusimama mbele ya kasha la barafu? Nitamwangaliaje?"

 Ndipo akaendelea, na sasa alisema kwa sauti ya kutosha Shaiba kusikia, na mhandisi pia.

"Kama ni kazi ndogo, ifanye wewe. Ukimaliza kabla ya adhana ya adhuhuri, siendi Agosti, na nitanyonyoa kila ndege wako mpaka mkataba uishe. Ukishindwa, nakwenda kwetu, na kuanzia leo kila anayepiga anyonyoe."

Msomaji anaweza kusema huyu mwanamke alikuwa na wazimu, kuiweka siku ya mwanawe rehani kwa ajili ya ndege waliokwisha kufa. Huenda. Ila siku ile ilikuwa imeshachukuliwa, na aliyenyang'anywa hana cha kuhofia kuibiwa. Isitoshe, Velma alikuwa amewahi kunyonyoa tetere. Bosi hakuwahi.

Mhandisi Bandar alianza kucheka. Shaiba hakucheka. Aligonga fimbo chini na kusema kwamba maneno yamesemwa mbele ya wageni, na mwanaume asiyeweza kazi ya mpishi wake asijivune na bunduki. Bosi alikunja mikono ya kanzu yake nyeupe. "Nipe beseni," alisema.

Alianza kwa haraka, na kwa muda Velma aliingiwa na hofu ya kweli. Bosi alishika ndege, akachana kifua kwa kidole gumba, akang'oa ngozi na manyoya pamoja kama anavua soksi, akatupa ndani ya beseni, akachukua mwingine. Kwa mwendo ule angemaliza na kulala. Velma aliuma mdomo. Lakini Shaiba aliinama, akachukua kile kipande cha nyama, akakitazama pande zote.

"Ngozi iko wapi?" aliuliza. "Mimi nilisema nataka tetere. Hiki mpe paka."

Basi bosi akaanza upya, mmoja mmoja, unyoya kwa unyoya. Jua lilipanda. Manyoya madogo yalimshika vidoleni pamoja na damu, yakamwingia puani, yakajipachika kwenye ndevu. Akivuta kwa nguvu ngozi inachanika, na Shaiba anamrudishia. Akivuta polepole kasha halipungui. Mhandisi alitaka kumsaidia, na Velma akasema ni sawa kabisa, kasha lake yeye mhandisi lile pale, lilikuwa likimngoja. Mhandisi aliliangalia, akavua miwani, akakaa kwenye kigoda naye. Cheko lilikuwa limemwisha.

Adhuhuri ilipokaribia bosi aliinua kichwa na kumwita dereva.

"Protas. Njoo ukae hapa."

Tangu aje Saudia Protas hakuwahi kumjibu bosi neno zaidi ya ndiyo. Alikuwa na mke na watoto waliokuwa wakimtegemea, na woga wake haukuwa wa aibu. Alisogea hatua mbili. Kisha akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Baba," alisema, "mimi sikupiga."

Velma aligeuka akatazama ukuta, asije akaonekana analia.

Adhana ilipotoka msikitini, kasha la pili la bosi lilikuwa halijafunguliwa. Bosi alikaa kitambo huku mikono yake imening'inia, gumba lake limechubuka, kanzu yake imekuwa kama ya mchinjaji.  Alinawa, akaenda kuswali. Aliporudi, kila mtu akitegemea ataagiza makasha yakatupwe, alivuta kigoda na kuendelea. Alinyonyoa mpaka alasiri. Waliokuwa wameharibika alichimba shimo na kuwafukia mwenyewe. Usiku ule waliokwa tetere wachache, na Shaiba alikula kimya akilamba vidole.

Alfajiri iliyofuata Velma alikuwa jikoni akikanda unga wakati bunduki zilipoanza. Alisikia mlio, kisha mwingine, kisha michache mingine. Halafu kimya. Aliendelea kukanda, akingoja. Kimya kiliendelea mpaka jua likawa juu, ndipo gari likarudi na wanaume wakateremsha kikapu kimoja, wakavuta vigoda bila kuambiwa. Mhandisi Bandar alisema, akiokota manyoya mapajani, kwamba miaka yote amekuwa akiomba sheria kutoka wizarani kumbe angeiomba jikoni. Velma alimwambia asizungumze sana, anamchana ndege ngozi.

Siku ya kufunga safari ya kurudi Riyadh, alipokuwa akiosha makasha, alikuta tetere mmoja amejificha chini ya barafu, hajaguswa, na manyoya yake yote. Alikuwa wa siku ile ya kwanza. Velma alimfunga kwenye mfuko wa plastiki wenye barafu, na walipofika Riyadh akamweka chini kabisa ya friza, nyuma ya mbaazi.

Ramadhani ikaja, ikaisha. Idi ikapita. Siku tatu baada ya Idi Velma alimkumbusha bosi safari yake, na bosi akajikuna shavu. Alisema wageni watakuja kutoka Dammam. Alisema tiketi ni ghali kipindi hiki. Alisema Septemba si mbali. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma Velma zaidi, kwa kuwa mtu anayekunyima kwa upole huwa ameshaamua. Bungoma, Simiyu alikuwa tayari akipita nyumba za ndugu akicheza njuga na kualika watu.

Velma hakubembeleza. Alilala.

Asubuhi alipeleka sinia la chai ya bosi mezani, likiwa na mkate, jibini, zeituni, na sahani iliyofunikwa. Madam Munira alikuwa amekaa hapo hapo. Bosi alifunua sahani. Tetere alikuwa amelala chali, amekakamaa kwa baridi, manyoya yote mwilini na jicho moja wazi. Kando yake palikuwa na beseni dogo tupu.

"Huyu ulimbakiza Jeddah, baba," Velma alisema. "Adhuhuri ilikukuta."

Bosi alimtazama ndege, ndege akamtazama bosi. Madam ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, mpaka kope zikalowa, akiashiria kidole gumba cha mumewe, kile kilichochubuka Jeddah. Bosi alijaribu kukasirika na hasira haikuja. Alisukuma kiti, akaenda chumbani, na Velma akasikia kabati likifunguliwa.

Pasipoti aliipata asubuhi ile ile, na ruhusa ya safari ikashughulikiwa kabla ya chakula cha mchana. Protas alimpeleka uwanja wa ndege usiku wa pili, akimwimbia njia nzima wimbo wa tohara alioubuni mwenyewe na usiokuwa na hata neno moja la Kibukusu.

Lakini kabla ya hapo, mchana ule ule Velma alipokuwa akifunga sanduku, madam alikuja mlangoni kumuuliza yule ndege atanyonyolewa na nani, maana bado yuko mezani na anaanza kuyeyuka.

Velma alivuta zipu ya sanduku mpaka mwisho. "Huyo, madam," alisema, "ana mwenyewe."